Godauni la mahindi likawa nyumba yangu

Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza alisimama kwenye ule mlango mkubwa wa lori, akatazama vyuma vya juu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, siku hizi nanyi mnahifadhiwa stoo kama mahindi?" Nilicheka, maana hakukosea. Jengo hili nililisimamisha mwaka 2019 hapa Malaba, upande wetu wa Tororo, Uganda, kwa ajili ya mahindi. Kulala ndani yake hata usiku mmoja hakukuwa kwenye hesabu zangu.

Kazi yangu ilikuwa kununua mahindi kwa wakulima, kuyakausha, kuyatunza mpaka bei ichangamke, halafu kuwauzia wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Ikaja korona, shule zikafungwa, watoto watatu wakawa nyumbani wakila mchana na usiku. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Zuio lenyewe lilidumu siku chache tu, lakini lilipoondolewa lilifuatwa na masharti: muagizaji asajiliwe, kila mzigo uwe na cheti, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wale wanunuzi wangu wa lori moja moja wakatawanyika kama kuku waliomwona mwewe. Nikabaki na godauni tupu la mita 9 kwa 15, na nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za sumukuvu tarehe moja ikifika. Mwezi wa tano tukahamisha vitanda.

Niseme kwanza lilivyojengwa, kwa sababu karibu kila taabu iliyonipata ilitoka hapo. Nguzo ni 12, za mkaratusi uliotiwa dawa, zile zenye ukijani kama nguzo za umeme. Zimezikwa futi 4 na kushikwa kwa zege. Juu yake kuna kenchi za chuma, yaani fremu za kubeba paa, zilizochomelewa pale chini uwanjani, kisha vijana wanane wakaziinua kwa kamba huku fundi akiwapigia kelele. Paa ni mabati ya geji 28, kuta ni geji 30. Kwa asiyezoea, namba ikishuka bati linanenepa. Chini nilizungusha tofali kama mita moja na robo, kwa ajili ya panya, maji ya mvua, na mwizi mwenye mkasi wa bati. Msingi wa mtaro haupo, lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, haipo, uzito wote unabebwa na nguzo. Ndiyo maana liliisha kwa wiki tano na likanigharimu shilingi milioni 34, wakati nyumba ya tofali ya ukubwa ule ingenila miaka.

Usiku wa kwanza ulikuwa mzuri. Saa saba mchana wa kesho yake ndipo nilipojua nimehamia wapi. Joto halikuwa la kutoka dirishani, lilikuwa linashuka kutoka juu, kichwani, kama umesimama chini ya sufuria lililogeuzwa juu ya moto. Mahindi hayakuwahi kulalamika. Mtoto wangu wa mwisho alitoka na mkeka akaenda kulala chini ya mwembe wa jirani, na hapo ndipo tulipoishi mchana kwa muda wa mwezi mzima.

Kisha yakaja matone. Saa kumi na moja alfajiri niliamka chandarua kimelowa. Nikamwita fundi, nikamwambia paa linavuja. Akapanda, akashuka, akaniuliza, "Mama, jana mvua ilinyesha?" Haikunyesha. Maji yalikuwa yetu wenyewe: pumzi za watu wanne, chai ya jioni na nguo zilizoanikwa ndani. Usiku bati linapoa kuliko hewa iliyo chini yake, mvuke ukiligusa unageuka matone. Nikakumbuka magunia yangu ya juu ambayo kila msimu yaliota ukungu nikawalaumu vibarua kwamba walipakia mahindi mabichi. Niliwakata pesa. Mmoja wao bado tunaonana sokoni, na bado sijapata njia nzuri ya kumwambia.

Nilishauriwa ninunue sponji za kutandika chini ya bati, zenye karatasi ya kung'aa. Nilipoambiwa bei nikashukuru nikaondoka. Jibu nililipata kwa akina mama wanaosuka mikeka ya mafunjo kando ya vinamasi. Wazee wetu walitumia mafunjo darini zamani, mimi sikugundua kitu. Fundi alivuta waya za mabati kutoka kenchi hadi kenchi, tukalaza mikeka tabaka mbili, tukaacha nafasi ya kama futi moja na nusu kati yake na bati. Nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tulitoboa matundu makubwa kwenye kuta za pembetatu za pande zote mbili, tukayaziba kwa wavu wa mbu, na kofia ya paa tukaiinua kidogo ili hewa moto ipate mlango wa kutokea. Mwisho nikapaka paa rangi nyeupe. Matone yakakoma. Mchana sasa ni joto la kawaida la Malaba, linalokutoa jasho bila kukufukuza.

Mafunjo yana kero zake. Mijusi wameyapenda, vumbi linadondoka, na yanashika moto haraka mno. Jiko langu liko nje, katika kibanda chake, na hata mshumaa siruhusu ndani. Atakayetaka kupikia ndani atafute dari nyingine.

Kelele ya mvua nayo mikeka iliipunguza, lakini usidanganywe kwamba inaisha. Mvua za Aprili zikiamua, tunaongea kwa mikono. Simu ikiita naiacha.

Sasa radi. Tororo hutajwa miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na sisi tuliozaliwa huku hatuhitaji kuambiwa. Kila mgeni wangu alisema neno lilelile: bati linaita radi. Niliogopa kiasi cha kutaka kurudi kupanga. Watoto 18 waliouawa kwa pigo moja katika shule ya Runyanya, Kiryandongo, mwaka 2011, sikuwa nimewasahau. Na baadaye, Novemba 2024, watu 14 walikufa Palabek wilayani Lamwo wakiwa ibadani ndani ya jengo la mabati.

Fundi wa umeme niliyemwita kutoka Tororo mjini alinieleza jambo ambalo lilinitisha zaidi, halafu likanituliza. Alisema kosa la jengo langu ni kwamba paa ni chuma na miguu ni mti. Umeme ukipiga pale juu hauna njia ya kushuka, kwa hiyo unatafuta yake, na njia hiyo inaweza kuwa mtu aliyeegemea ukuta. Godauni lenye nguzo za chuma tupu zilizoungana na paa na kuzamishwa ardhini vizuri lingekuwa salama kuliko langu. Alishusha nyaya nene za shaba kutoka paani kwenye kona nne, akaunganisha na kuta za bati, akapigilia vyuma vya shaba virefu ardhini na kuvifunga pamoja kwa waya uliozikwa kuzunguka jengo. Tangu hapo ngurumo ikianza tunachomoa kila kitu ukutani na tunakaa katikati, mbali na mabati. Nyaya zile hazifichiki, nami sitaki zifichwe. Wezi wa shaba wapo, kwa hiyo sehemu ya chini nimeipitisha ndani ya bomba na kuijengea tofali.

Lakini kama ungeniuliza ni lipi lililoniumiza moyo, ni nguzo. Nilinunua nguzo zenye dawa kwa bei ya juu kusudi nisahau habari za mchwa. Mwaka wa tatu binti yangu aliegemea nguzo ya kona, akaniambia, "Mama, hii inalia kama ngoma." Niligonga kwa nyundo. Kweli. Nikazigonga zote, nne zikawa hivyo.

Tulifukua, na jibu lilikuwa wazi kama mchana. Nguzo nne zilikuwa ndefu kuliko nyingine, na fundi wa kwanza alizikata kupata usawa. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba alikata ncha ya chini, kwa sababu ilikuwa karibu na msumeno. Dawa haifiki kwenye moyo wa mti, inaishia kwenye sehemu ya nje. Ukikata ncha unaufungua moyo usio na dawa, kisha unauzika ardhini na kumkaribisha mchwa mezani. Ncha iliyokatwa ilipaswa kwenda juu, kwenye kenchi, chini ya paa kavu. Nilikuwepo siku ile, nikiwa na daftari la hesabu mkononi, nikitazama.

Tulizitegemeza kenchi kwa magogo, tukakata kila nguzo mbovu usawa wa goti, tukamwaga kiguu cha zege chenye nondo, na juu yake tukafunga bamba la chuma lenye mashavu mawili yanayoikamata nguzo kwa bolti. Mti haugusi udongo tena. Kama ningejenga leo ningefanya hivyo kwa zote 12 tangu mwanzo, au ningeweka nguzo za chuma kabisa. Vile vipande vilivyobaki jirani alivitaka kuni. Nilimkatalia akaninunia, mpaka nilipomweleza kwamba dawa ile ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Mengine yalikwenda bila kelele. Sakafu ya stoo nilipiga niru. Vyumba vitatu nilivitenga kwa kuta za tofali zisizofika darini. Ofisi ya mji ilitaka ramani mpya kwa kuwa ya kwanza iliandikwa ghala, nikachora nyingine. Paa likawa baraka kwa maji: lina mita za mraba kama 160 pamoja na michirizi, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaniletea lita 1,600 kwenye tangi, na maji ya kwanza ya kila mvua nayamwaga kwa sababu ya vumbi na rangi. Ukijumlisha yote, kuligeuza godauni kuwa nyumba kulinila karibu milioni 16, kidogo kidogo, kwa miaka mitatu. Nani aliniambia kuta za bati ni rahisi?

Mahindi yamerudi pia. Nusu ya mbele, upande wa mlango wa lori, ina magunia juu ya mbao, na sasa yamekauka hadi juu kabisa. Mama mkwe anapokuja hulala chumba cha nyuma, na safari iliyopita aliniuliza ni mikeka mingapi ingetosha jiko lake. Nilimwambia jiko, hapana.

Nguzo nane zilizobaki nazigonga kila Januari. Mwaka huu saba zimejibu vizuri. Ile ya upande wa choo sijaielewa sauti yake. Fundi anakuja Jumamosi.