Oda zangu za barua pepe zimeacha kujaa div na br

Hatimaye! Wiki nzima oda zangu zilisomeka zimejaa div na br, maana upande wa pili zinapokelewa na programu isiyojua HTML, yaani lugha ya alama (div na br zikiwemo) inayopanga mwonekano wa maandishi. Nilifuta rangi, nikabadili fonti, nikapitishia maandishi kwenye Notepad. Wapi!

Kwenye Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, nikafungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya uandishi na anwani, nikatoa tiki ya kuandika kwa HTML. Hapo nilishafika mara mbili bila mafanikio. Kumbe kila akaunti ina tiki yake, nami ninazo tatu. Nilikuwa nikiitoa kwenye akaunti nisiyotumia kabisa! Ukitaka kuzima HTML kwa ujumbe mmoja tu, shikilia Shift huku ukibofya kitufe cha kujibu. Ukiona vitufe vya rangi na herufi nzito vimetoweka, tuma.