"Haya" ya baba

Leo siku ya nne na bado neno moja la baba linanizunguka kichwani. Wala si neno la kuudhi. "Haya." Basi, hilo tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Cochem, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Mosel. Mnajua nilivyoisubiri safari hii. Tangu baba apate viza nimewaimbia habari za njia ya baiskeli ya Mosel mpaka mkanichoka. Tulikodi baiskeli, yake ya umeme. Aliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza, "Sasa keria iko wapi?" Tukazikokota hadi ukingoni, nami nikajitia kiongozi wa watalii. Nikamweleza kwamba hapa mto unajipinda vibaya, kwamba tutaufuata kona kwa kona hadi kijiji cha Bremm, zaidi ya kilomita 20, wakati treni inapita ndani ya mlima kwenye tundu la kilomita 4 tu, la tangu 1879, na kutokea ng'ambo kabla hujamaliza kumenya yai.

Hapo ndipo nilipojichongea.

"Kwa hiyo treni ipo?"

"Ipo, baba."

"Na inafika hukohuko?"

"Inafika Eller. Pale na Bremm ni jirani."

"Na sisi tunazunguka."

"Ndiyo raha yenyewe, baba."

"Haya."

Akapanda baiskeli, akaondoka zake.

Sasa nyie niambieni, hiyo ni haya gani? Ipo haya ya "twendeni". Ipo ya "umeshinda, yaishe". Ipo ya kumalizia simu. Na ipo moja ya baba yangu, niliyoipata darasa la sita nilipomwambia viatu vya shule vimeibiwa nikiwa nacheza. Maana yake nimekusikia, na nimekuona. Niliisikia hiyo. Mtu aliyesukuma baiskeli yenye magunia ya kabichi mlimani alfajiri ili mimi nisome, leo namlipia azunguke mto bila mzigo wowote. Kilomita zote hizo nilikuwa najitetea moyoni. Baba Neema alikuwa mbele na mtoto, hakusikia kitu, na nilipomsimulia usiku akasema, "Lakini si alisema haya?" Wanaume!

(Wiki hii pia nimesaini mkataba wa kudumu, Neema kang'oka jino la kwanza, na wifi kajifungua salama. Hayo siku nyingine.)

Njia yenyewe haina kosa. Tambarare, maji kando yako, meli za mizigo zinapita taratibu kiasi kwamba Neema alishindana na moja akaishinda. Kila mteremko unaopigwa na jua umejaa mizabibu. Kwenye kijiji kimoja tulikuta matawi yamening'inizwa mlangoni, alama kwamba mkulima mwenyewe anauza divai yake na chakula chepesi. Sheria inamruhusu miezi minne tu kwa mwaka. Baba hanywi, alipewa juisi ya zabibu. Aliisifu. Nilimtazama usoni kama amesifu kweli.

Bremm tulifika jua linaelekea kuzama. Calmont hiyo hapo: shamba la mizabibu linalotajwa kuwa lenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya, nyuzi kama 65 penye ukali zaidi. Watembeaji wanaipita katikati kwa ngazi za chuma na kamba za waya. Kutoka chini walionekana kama mende ukutani. Juu zaidi inapita Moselsteig. Nikaanza, "Baba, ile njia ya miguu ina kilomita 365, watu wanai..." Nikanyamaza mwenyewe.

Naye hata hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta wa shamba, ule wa mawe meusi bapa yaliyopangwa bila saruji. "Mbona la moto?" Jua lilishatutoka pale. Chini ya ukuta kulikuwa na mzee wa makamo yake, anafunga machipukizi. Nikaitwa kutafsiri. Mzee akasema mawe haya yanakula jua mchana na kulirudisha usiku, na Riesling ni zabibu inayochelewa kuiva, bila joto hilo ingebaki chachu. Akamwonyesha kila mzabibu ulivyo peke yake na mti wake, fito mbili zimekunjwa hadi zikafanya umbo la moyo. Trekta haipiti, kila kitu mikono, ila kuna kijitreni cha reli moja kinachopandisha watu na kushusha mavuno. Baba akauliza kuhusu mmomonyoko, mbolea, ukuta ukianguka nani anajenga. Kijerumani changu cha wodini kiliniishia kwenye kupogoa. Akapewa kamba, akafunga machipukizi matatu. Mzee alilipitia kila fundo kwa kidole, hakufungua hata moja.

Kisha baba akauliza, "Watoto wako wanalima?"

Ninaye mmoja tu, akasema mzee. Yuko Frankfurt, benki. Huja wakati wa mavuno, siku mbili.

Nikatafsiri.

"Haya," akasema baba.

Ileile! Sauti ileile, inashuka palepale. Mzee akanigeukia anasubiri Kijerumani chake, nikafungua mdomo, nikakosa. "Na ja," akasema mzee mwenyewe, kama "haya basi" ya Kijerumani, na baba akaitikia, "Eeh."

Tulirudi kwa treni kutoka Eller. Ndani ya tundu, dirisha jeusi tupu, baba akauliza kama baiskeli tumezilipia siku nzima. Nikasema ndiyo. "Basi tungezunguka tena," akasema. Sijui ni raha ile au ni uchungu wa hela.

Lakini kinachoninyima usingizi leo ni kingine. Jioni nimehesabu vidonge vyake vya presha: vingi mno. Kumbe anameza siku moja, siku inayofuata "anapumzisha mwili". Kesho nina zamu ya asubuhi, Baba Neema yuko safarini, na sijapata wa kumpeleka kwa daktari.