Kabla ya kununua tenki la maji ya mvua, hesabu miezi ya kiangazi

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili umekwisha, halafu ni miezi saba ya kiangazi. Hesabu ianzie hapo. Watu watano, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 210: lita 5,250. Tenki la lita 5,000 linakaribia kutosha, mradi maji hayo yasifuliwe nguo. Mkitaka lita 20 kwa mtu, mnahitaji lita 21,000.

Paa lenyewe halina shida. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mvua ya milimita 550, nyumba ya bati ya mita za mraba 60 (pima chini, usifuate mteremko wa bati), ukitoa asilimia 20 inayopotea, inakupa lita 26,400. Paa la udongo la tembe liache, litakupa tope.

Gata (mfereji wa ukingoni mwa paa) ipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita na vishikizo kila sentimita 60. Mvua za huku hushuka kwa kishindo. Gata iliyolegea katikati humwaga maji yote ukutani.

Sasa maji ya kwanza, ambayo wengi huyapuuza. Bati limebeba vumbi la miezi saba, kinyesi cha ndege na majani ya mwarobaini. Kwa paa hilo la mita za mraba 60 tupa kama lita 30. Weka tii (kiungio cha njia tatu) kabla ya tenki, ushushe bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3.5. Nyumba ikiwa fupi, simamisha mawili ya mita 1.75 yaliyounganishwa chini. Mwisho wa chini funga kifuniko cha nyuzi (cha kuzungusha) chenye tundu la milimita 3. Bomba likijaa, maji safi hupita juu kwenda tenkini. Mvua ikikatika, lenyewe hujimwaga taratibu. Tatizo ni mchanga kuziba tundu: bomba hubaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote unaingia tenkini. Mvua ikikatika na chini hapadondoki kitu, fungua kifuniko usafishe. Mvua zikisimama wiki kadhaa mwezi Februari, kagua tena, maana bati limeshashika vumbi upya.

Tenki la lita 5,000 likijaa lina tani tano. Lisimame juu ya zege iliyosawazishwa, kimo cha sentimita 60 ndoo ipite chini ya koki. Fagia kwanza: kokoto moja hutoboa plastiki. Maji yanakoingia na yanakofurikia weka wavu wa mbu. Ya kunywa chemsha au tia klorini kwa kipimo cha kwenye chupa.

Koki ikae sentimita 10 juu ya kitako, matope yabaki chini. Hayo maji ya chini ya koki, kama lita 250, usiyamwage hadi Novemba unapoosha tenki. Upepo wa kiangazi hulisukuma tenki tupu likang'oa mabomba.