Kikosi Nilichokipanga kwenye Boksi la Simu

Februari 2019 nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Tandika, Dar es Salaam, ukubwa wake kama kabati la nguo: feni mgongoni, taa ya mezani usoni, na kati yake foleni ya simu zilizoingia maji. Kushoto kwangu alikaa fundi viatu. Mtaa mzima tulimwita Babu, na hapa atabaki kuwa Babu. Kulia palikuwa na kibanda umiza, banda la kutazama mpira kwa kiingilio. Katikati yetu, kila siku saa nne asubuhi na tena jua likipoa, alitua muuza kahawa na birika lake na sinia ya kashata. Huyo alikuwa Yanga. Nalisema mapema kwa sababu wiki ile alitutesa.

Simba tulikuwa tumetoka kuchapwa kwenye makundi ya klabu bingwa Afrika. Januari 19 kule Kinshasa AS Vita walitupiga tano. Februari 2 kule Alexandria Al Ahly nao wakatupiga tano, zote kabla ya mapumziko. Kwa lugha ya mpira huo ni mkono, na sisi tulikuwa tumepokea mikono miwili ndani ya majuma mawili. Muuza kahawa hakutukana wala hakupiga kelele. Akishakukabidhi kikombe, alikuwa anakunjua vidole vitano taratibu, kama mtu anayetaka kukusalimia, halafu anasubiri uupokee. Wapo wateja wasiofuatilia mpira waliompa mkono kwa heshima zote, tena wengine wakamwamkia.

Sasa Al Ahly walikuwa wanakuja Taifa, Jumanne ya Februari 12, saa kumi jioni. (Mkapa bado alikuwa hai na uwanja ulikuwa haujapewa jina lake.) Mkononi tulikuwa na pointi tatu tu, zile tulizowachukulia JS Saoura kwa kuwafunga 3-0 nyumbani. Tukipoteza, safari karibu imekwisha.

Mimi wakati ule nilikuwa mgonjwa wa vipindi vya michezo vya redioni. Nilifungua kibanda na redio, nikafunga na redio. Wachambuzi nilikuwa nawajua kwa kikohozi. Mmoja wao, wa kipindi cha asubuhi, mwenye sauti nzito ya mtu aliyeshiba, alilishikia bango jambo moja tangu tulipotoka Misri: kocha Patrick Aussems hana haki ya kuwaanzisha Emmanuel Okwi, Meddie Kagere na John Bocco kwa pamoja mbele ya timu kubwa, maana ukipanga washambuliaji watatu katikati panabaki uwanja wa ndege. Nikalipenda neno lile, uwanja wa ndege. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa nawaambia wateja kana kwamba nimeliota mwenyewe usiku.

Jumatatu, mkesha wa mechi, nilichukua boksi tupu la simu, nikalipasua, nikalitandaza kwenye meza na kupanga kikosi kwa kalamu ya wino mzito. Manula golini. Zana kulia, kwa sababu Kapombe alikuwa majeruhi, Tshabalala kushoto. Wawa na Juuko katikati ya ulinzi. Kotei, Mkude na Muzamiru mbele yao, viungo watatu wa kukaba. Chama. Okwi pembeni. Bocco peke yake juu. Nikalipeleka boksi kwa Babu kama mwanafunzi anayepeleka daftari la hesabu, na hapo hapo nikamwachia viatu vyangu vyeusi, soli za ndani zilikuwa zimeoza na Jumamosi kulikuwa na harusi ya dada yangu.

Babu alisoma kwa kulisogeza boksi mbali na macho.

"Umemtoa nani?"

"Kagere."

"Ukamweka nani?"

"Muzamiru. Tulifungwa tano Babu kwa sababu katikati palikuwa uwanja wa ndege."

"Palikuwa. Kule. Kwani hapa ni kule?"

Akaweka nyundo chini. Akachukua kandambili ya mtoto iliyokuwa inasubiri uzi, akaiweka upande mmoja wa benchi lake. "Huyu ni yule beki wao wa kushoto, yule anayependa kupanda."

"Ali Maaloul," nikamsaidia. "Mtunisia."

"Jina silijui. Anapanda." Akachukua kopo la rangi ya viatu, akalisimamisha nyuma ya kandambili. "Huyu Okwi. Nikimwacha hapa mgongoni mwake, yule atapanda aende wapi? Kule kwao alipanda kwa sababu hakuna aliyemtisha." Kisha viatu viwili vya kike vyenye visigino, katikati. "Hawa mabeki wao wa kati, wawili. Nikiwapa Bocco, mrefu, na Kagere, mkorofi, kila mmoja ana wa kwake. Wewe umewapa mtu mmoja. Wa pili afanye kazi gani, anywe kahawa?"

Muuza kahawa alicheka mpaka kashata zikatikisika kwenye sinia.

Nilipaswa kunyamaza. Hoja ilikuwa imekaa pale kwenye benchi, kandambili kwa kisigino, inaonekana. Lakini kijana akishachekwa mbele za watu, ulimi hutangulia. Nikamwambia mpira wa siku hizi una sayansi yake, na kwamba wa kwake uliishia 1974. Mwaka huo Simba tulifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, na Babu alikuwa anausimulia kila wiki. Nilijua nilikuwa napiga wapi.

Aliokota nyundo. Akagonga misumari minne, mitano hivi, bila kuniangalia.

"Mehalla wa Misri walitutoa kwa penalti," akasema. "Kwa penalti, mjukuu wangu. Hawakutupiga tano."

Boksi langu likabaki kwenye benchi lake. Sikulifuata.

Siku ya mechi nilifunga kibanda saa tisa na nusu. Orodha ya wachezaji ilitoka kwanza redioni, na Babu ndiye aliyetusomea kutoka nje, jina kwa jina, akirudia baada ya mtangazaji. Alipofika kwa wale watatu wa mbele hakupaza sauti wala hakuniita. Alipunguza mwendo tu: Okwi. Bocco. Kagere. Nikaingia kibanda umiza nikiwa na uhakika kwamba tumekwisha. Nasema ukweli, sehemu ndogo ya moyo wangu ilikuwa inataka tufungwe kimoja cha mapema, kidogo tu, ili nitoke nje nikamwangalie Babu. Shabiki gani huyo? Lakini nilikuwa hivyo.

Sasa kuna kitu ambacho aliyezoea kutazama mpira nyumbani kwake hakijui. Picha ya kibanda umiza ilikuwa inapitia kwenye dishi, na dishi lina safari ndefu, mpaka angani na kurudi. Redio ya Babu, ile ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, haikuwa na safari hiyo. Kwa hiyo yeye nje alikuwa mbele yetu kwa sekunde kadhaa. Sisi tulilipa kiingilio kutazama mambo ambayo yeye alishayamaliza.

Kipindi cha kwanza watu waliligundua hilo na likawaharibia utamu. Al Ahly wakipata kona, macho yote kwenye runinga, lakini masikio mlangoni. Babu akiguna, tunashika vichwa kabla mpira haujapigwa. Babu akiendelea kugonga nyundo, tunashusha pumzi. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akajipa cheo cha kutangaza: "Babu kanyamaza!" Kibanda kizima kimya. "Babu kakohoa tu!" Tunacheka. Mapumziko yakafika bila bila, na lazima nikiri kwamba katikati hapakuwa na uwanja wa ndege wowote. Kotei alikuwa anaokota kila kitu.

Dakika ya 65 nyundo ilianguka.

Haikugonga, ilianguka, tukaisikia ikidunda kwenye kopo la misumari na misumari ikamwagika kwenye saruji. Halafu sauti ya Babu, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, neno moja bila jina la mtu. Kwenye runinga yetu Simba walikuwa bado wanautafuta mpira, hakuna hata aliyepiga. Watu wakasimama kwenye mabenchi wakishangilia kitu ambacho hakijatokea. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi, mikono juu, nikisubiri kujua nani kafunga. Halafu picha ikafika. Kagere. Akakimbia huku kafunika jicho moja kwa kiganja kama kawaida yake, nami nikajikuta nimefunika langu.

Mechi ikaisha 1-0. Yaliyofuata mtaani sina haja ya kuyaeleza, aliyekuwa Dar siku ile anayajua.

Jumatano asubuhi nikawasha redio. Sauti nzito ile ile. Ikasema Aussems ni jasiri, kwamba kuanza na washambuliaji watatu kuliwafunga Wamisri miguu, kwamba mabeki wao wa pembeni walikosa uhuru wa kupanda. Ikasema yote ya kandambili na kopo la rangi bila kuwahi kuliona benchi la Babu. Nilikasirika. Ilichukua kama nusu saa hasira ikaisha, na ilipofika saa nne, mteja mmoja aliyeleta simu iliyopasuka kioo akaniuliza nilionaje mechi. Nikamwambia, bila kupepesa macho: "Mimi tangu Jumatatu nilisema, wale watatu lazima waanze."

Babu alikuwa hatua mbili kutoka hapo anatia uzi kwenye sindano. Uzi ulipita, akaendelea kushona.

Muuza kahawa alinikabidhi kikombe na safari hii alinyoosha kidole kimoja. "Kimoja tu," akasema, "msisumbue watu."

Ijumaa nilichukua viatu. Vilikuwa vimepigwa rangi mpaka vinarudisha picha ya uso wangu. Jumamosi nikavivaa, nikaviona vigumu kidogo ndani, nikasema upya huo. Tulipofika nyumbani kwa wakwe tukavua mlangoni, kama ilivyo ada, na nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka nasubiri pilau nikamsikia mtoto wa kule nje anasoma kwa kuunganisha herufi, mkono kwenye kiatu: "Ma-nu-la. Za-na. Tsha-ba-la-la."

Nikatoka haraka. Babu alikuwa amelikata boksi langu likawa soli za ndani, maandishi juu. Kushoto golikipa na mabeki wote. Kulia viungo, Okwi, na Bocco peke yake kwenye vidole. Kulikuwa na gundi ya kutosha kuzuia mafuriko. Hakuna aliyeweza kuzibandua.

Jumatatu nikampitia.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Viatu vimekukaa?"

"Vimekaa. Ila cha kulia kinabana."

Akachukua kandambili iliyofuata, akaipuliza vumbi.

"Huko ndiko ulikojaza viungo," akasema.