Fungu la nje ya korosho: kumbukumbu ya kuchagua mifuko nikiwa Mtwara

Ufuta umeshauzwa, salfa ndiyo inatoka

Mradi huu wa kuweka hela kwenye mifuko ya uwekezaji nimeupa jina la Fungu la nje ya korosho kwa sababu ndilo lengo lake lote. Duka langu la pembejeo hapa Mtwara mjini linauza salfa (dawa ya ugonjwa wa mikorosho), viuatilifu na mabomba ya kupulizia. Mikorosho ya familia iko Tandahimba, mjomba ndiye anayeisimamia. Vyumba ninavyopangisha Chikongola, wapangaji wake wengi ni vijana wa maghala na wabeba mizigo wa bandarini. Ukiyaandika haya kwenye karatasi unaweza kudhani nina vyanzo vitatu vya kipato. Ninacho kimoja tu: bei ya korosho mnadani.

Aliyekuwa huku mwaka 2018 haitaji kuelezwa. Msimu wa 2017/18 kuna minada ambayo kilo ilivuka shilingi 4,000. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000, wakulima wakakataa kuuza, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa 3,300. Kipindi kile hakikuguswa mkulima peke yake. Kuanzia muuza vitenge mpaka bodaboda, kila mtu alikuwa anasubiri kitu kilekile.

Kwa hiyo ninapochagua mfuko wa kuwekeza, swali langu la kwanza si faida yake ya mwaka jana. Nauliza: siku korosho ikianguka, na huu utaanguka nayo?

Mifuko ninayoichambua ni ya ETF, yaani mifuko ya uwekezaji inayouzwa kwenye soko la hisa. Kwa wanaovijua vipande vya UTT, taasisi ya Serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na huku tupo wengi tangu Mfuko wa Umoja uanze mwaka 2005, si jambo geni sana. Hela za watu wengi zinakusanywa, zinanunua hisa za kampuni nyingi au hatifungani (hati za kuikopesha Serikali au kampuni kwa riba), na kila mmoja anamiliki vipande. Tofauti ipo kwenye kununua na kutoka. Vipande vya UTT unanunua kwa meneja wa mfuko na kumrudishia yeye, kwa bei inayokokotolewa kila siku ya kazi. Vya ETF vimeorodheshwa soko la hisa: unanunua kupitia dalali kwa mwekezaji mwenzako, na bei inapanda na kushuka mchana kutwa kama hisa ya kampuni yoyote. Zilianzia Toronto mwaka 1990, New York ikafuata 1993. Nyingi hazina meneja anayebahatisha kampuni gani itafanya vizuri, zinafuata fahirisi tu, yaani orodha maalumu ya kampuni inayopima soko. Kampuni ikikua kwenye fahirisi, inakua na ndani ya mfuko.

Kuangalia kilichomo ndani

Nilianza na mifuko ya S&P 500 kwa sababu ndiyo inayotajwa na kila kijana anayezungumzia uwekezaji. Ni kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Nilifungua orodha ya kampuni na uzito wake, nikaona kumi za juu peke yake zinabeba zaidi ya theluthi ya mfuko: Nvidia, Apple, Microsoft na wenzao. Si mfuko mbaya, lakini nakimbia kutegemea zao moja, sioni kwa nini niende kuegemea sekta moja ya nchi moja.

Nikahamia mifuko ya dunia nzima, ile inayofuata fahirisi ya FTSE All-World. Mle kuna kampuni zaidi ya 3,000 za nchi tajiri na zile zinazoinukia. Marekani bado inachukua zaidi ya nusu, lakini Japani imo, Uingereza imo, India imo, China imo. Tanzania haimo, na Afrika imewakilishwa kidogo mno, hasa na Afrika Kusini. Kwangu hilo si kasoro. Tanzania ninayo tayari kila ninapofungua duka.

Kuna jambo moja nililotafakari muda mrefu kuliko mengine. Korosho ghafi yetu inanunuliwa na wafanyabiashara wanaoipeleka India na Vietnam, na huko nje bei yake inahesabiwa kwa dola. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda thamani kwa kasi, dola ikashuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 mpaka karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Mkulima wa Newala hana akaunti ya dola, lakini kushuka kule kunamfika kupitia bei ya mnada. Na mwenye mfuko wa dunia, hata kama kampuni zake zimefanya vizuri, akizigeuza kuwa shilingi wakati huo anapata pungufu. Maana yake ni kwamba familia ya korosho ina dola ndani ya kipato chake bila kujua, na nikipeleka fungu lote nje nitakuwa nimerundika dola juu ya dola. Hapo ndipo nilipoamua nusu ya fungu ibaki kwenye shilingi. Ada za shule, bati na dawa nalipa kwa shilingi.

Kodi, mahali ambapo wengi hawaangalii

Hii sehemu naiandika kwa kirefu kwa sababu sijakutana na mtu huku aliyeifafanua, na ndiyo iliyoamua chaguo langu.

Mfuko uliosajiliwa Marekani ukilipa gawio, yaani mgao wa faida, kwa mtu asiye raia wala mkazi wa huko, Marekani inakata kodi ya zuio ya asilimia 30 kabla hela haijamfikia. Nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani hukatwa pungufu. Tanzania tuna mikataba ya namna hiyo na nchi chache kama India, Zambia, Afrika Kusini, Kanada na Sweden. Na Marekani hatuna. Kwa hiyo Mtanzania anakatwa 30 kamili.

Ireland wao wana mkataba na Marekani. Mfuko uliosajiliwa Ireland unaposhikilia hisa za Marekani, gawio linakatwa asilimia 15 linapoingia kwenye mfuko, na Ireland yenyewe haimkati mwekezaji asiye mkazi wake. Ndiyo maana ETF nyingi zinazouzwa soko la London zimesajiliwa Dublin.

Nikaweka hesabu mezani. Mfuko wa VOO, wa Marekani, ada yake ya mwaka ni asilimia 0.03. Mfuko wa CSPX, wa Ireland, unaofuata fahirisi ileile ya S&P 500, unatoza 0.07. Ukiangalia ada peke yake, wa kwanza ndio rahisi. Sasa chukulia kampuni zile zinatoa gawio la asilimia 1.3 kwa mwaka. Asilimia 30 ya hiyo ni 0.39, ongeza ada 0.03, jumla 0.42. Upande wa Ireland, asilimia 15 ni kama 0.20, ongeza 0.07, jumla 0.27. Ulioonekana ghali ndio wenye nafuu, na nafuu hiyo inajirudia kila mwaka.

Kuna na kodi ya mirathi. Mgeni akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, hisa na mifuko ya huko ikiwemo, kinachozidi kinaweza kutozwa mpaka asilimia 40. Fungu langu liko mbali sana na kiwango hicho. Lakini anayewekeza kwa miaka 25 anapanga na ya wanawe, na mfuko wa Ireland hauingii kwenye hesabu hiyo.

Makato ya kwetu hapa nyumbani ni mepesi zaidi: gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mkazi anakatwa asilimia 5. Na nisisahau TRA, mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, hivyo daftari la manunuzi na mauzo lazima liwe safi tangu siku ya kwanza.

Ada

Kwa ufupi. Chukua milioni moja, iache miaka 20, soko likue asilimia 8 kwa mwaka. Ukikatwa ada ya 0.2 unaishia na takriban milioni 4.49. Ukikatwa asilimia 1 unaishia na milioni 3.87. Zaidi ya laki sita zimeondoka kwenye kila milioni uliyoanza nayo, na hakuna siku utakayoona makato hayo kwenye meseji. Yanakatwa ndani kwa ndani. Mfuko wa dunia ninaouangalia, VWRA, uliosajiliwa Ireland na unaofuata FTSE All-World, ada yake ni karibu asilimia 0.2, na gawio haugawi, unalirudisha kununua hisa zaidi. Hilo linanifaa, kwa sababu kila gawio dogo likija mkononi ningelazimika kulipa kamisheni upya kulirudisha kazini.

Gharama nyingine ni ya kutuma. Tuseme kutuma hela nje kunagharimu dola 40 kila mara. Kwenye dola 200 hiyo ni asilimia 20, umeshapoteza kabla hujanunua. Kwenye dola 2,000 ni asilimia 2. Kwa hiyo wale wanaoshauri ununue kila mwezi wanasema kweli kwa mtu wa mshahara aliye London. Sisi wa msimu tunasubiri malipo ya mnada, tunatuma mara moja.

Minada imeanza

Mjomba alishuka kutoka Tandahimba kuja kuchukua magunia, tukakaa nyuma ya duka nikamwonesha daftari. Alisikiliza lote, la kodi akalirudia mara mbili, halafu akauliza:

"Sasa mama, hela ikishaingia humo, mwezi wa tatu nikitaka ya palizi naipata? Au mpaka wakae kikao?"

Swali lake ndilo lililonifanya niichunguze Dar es Salaam upya. ETF zimeanza kuonekana kwenye soko letu, na nimezifurahia kwa dhati, maana unanunua kwa shilingi, kwa akaunti ya CDS (inayotunza hisa zako kielektroniki), hata kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani, chini ya usimamizi wa CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Lakini wepesi wa kununua hauhakikishi wepesi wa kuuza. Soko la London vipande vya mfuko mkubwa vinabadilishana mikono kwa wingi kila siku, na pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji ni jembamba. Soko letu, lililofungua biashara mwaka 1998, bado ni dogo. Ipo siku utaweka oda ya kuuza na usikute mnunuzi kwa bei unayoitaka. Kwa hiyo kabla ya kununua ETF ya hapa nataka nijue ni nani amepewa jukumu la kuweka bei za kununua na kuuza kila siku, na nafuatilia idadi ya vipande vinavyouzwa. Bei peke yake hainiambii kitu.

Halafu narudi kwenye swali langu la korosho. Kwenye soko letu benki zina uzito mkubwa, CRDB na NMB hasa. Hizo ndizo benki ambazo wakulima wengi wa huku wanapokelea malipo yao. Zimesambaa nchi nzima, hazitetemeki kwa sababu ya Tandahimba, lakini ziko karibu na korosho kuliko jina la mfuko linavyoonesha. Nitanunua, kwa sehemu ndogo.

Jibu la mjomba likawa hivi: hela ya palizi haiingii kwenye ETF yoyote, ya hapa wala ya nje. Inakaa Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambako unaomba na kulipwa ndani ya siku chache. Akasema, "Hapo sawa," akaendelea na magunia yake.

Fungu la miezi mikavu, wakati korosho haileti hela, nimelipeleka kwenye hatifungani za Serikali. Riba yake inalipwa mara mbili kwa mwaka, kwa miezi ileile mpaka hatifungani inapoiva. Toleo la mwezi Machi, kwa mfano, litalipa Septemba na Machi. Mimi natafuta toleo linalolipa Machi au Aprili, kwa sababu ndipo ninapohitaji kujaza stoo ya salfa na wateja hawana hela. Watu wengi wanachagua kwa kuangalia riba tu. Kalenda ina maana kubwa kwa mtu anayeishi kwa msimu.

Dhahabu niliiangalia, kuna mfuko wa NewGold ulioorodheshwa Nairobi tangu 2017. Nimeuacha. Dhahabu haitoi gawio, na kitu chenye bei ya dola tayari ninacho: korosho.

Hali ilivyo sasa

Upande wa shilingi umekwisha kupangwa: Ukwasi ya palizi na dharura, hatifungani ya miezi mikavu, na nafasi ndogo ya ETF ya Dar es Salaam nikiridhika na uuzaji wake. Upande wa nje nimechagua mfuko mmoja tu, VWRA. Nilifikiria kuongeza CSPX pembeni, lakini kampuni za CSPX zimo tayari ndani ya VWRA, ningekuwa nimenunua Apple mara mbili kwa majina mawili.

Hela ya nje bado haijatoka. Kutuma mtaji nje ya nchi kuna kanuni za Benki Kuu, na Afrika Mashariki na SADC hazitazamwi sawa na kwingineko. Sitaki maelezo ya mdomo dirishani kwenye jambo hili. Nimepeleka barua benki ninakohifadhi hela za duka, nikauliza mambo matatu: kibali gani kinahitajika kwa mtu binafsi, nyaraka zipi zionyeshe chanzo cha hela, na gharama kamili ya kutuma mpaka ifike kwa dalali. Stakabadhi za mnada za msimu huu nimeziweka kwenye faili moja na hati za kodi za duka. Dalali nimempata anayepokea Watanzania na anayesimamiwa na mamlaka ya nchi yake, leseni yake nimeihakiki mwenyewe kwenye rejista ya mamlaka hiyo.

Benki wakinijibu kabla minada ya Desemba haijaisha, natuma Januari. Wakichelewa, hela inakaa Ukwasi mpaka barua ije.