Tone linasikika bafuni, sakafu kavu

Kabla hujamwita fundi avunje marumaru, funga koki zote uangalie mita. Kigurudumu kidogo kikizunguka, maji yanapotea kweli. Wenye simtanki, fungeni koki ya kutokea tanki kisha msikilize kama sauti inakoma.

Mara nyingi mkosaji ni tanki la choo. Tia rangi ya chakula ndani, usiflashi kwa dakika 30. Rangi ikishuka kwenye sinki la choo, mpira wa chini haukai sawa. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe mpaka kwenye boya. Loweka kwa siki, sugua. Mpira ukishakakamaa, nunua mwingine, usihangaike. Maji yasimame sentimita 2 hivi chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada.

Sauti inagonga baada ya kuoga maji ya moto tu, kisha inapungua? Bomba linapoa na kusinyaa hilo, halivuji.