Mwembe umetulia, Baba anatetemeka

Wiki hii wifi amejifungua salama mtoto wa kiume, shule imefunga na matokeo ya moko yametoka, lakini kila ninapobaki peke yangu ninachosikia ni sauti ya Mama, aliyeketi mbele ya televisheni pale Ujiji akitazama diski ya video ya marehemu Baba: "Mwanangu, mbona baba yako anatetemeka?"

Nilimjibu, "Ni ule mkanda, Mama. Umezeeka." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bila kuyaondoa macho kwenye kioo, "Kama ni mkanda, mbona mwembe nyuma yake umetulia?" Sikuwa na jibu. Akamalizia kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea, "Baba yako hakutetemeka hata siku ya mwisho."

Diski ile ilitengenezwa mjini, kwa malipo, kutokana na kanda za DV, zile kanda ndogo za kamera za kidijitali, ambazo mjomba alirekodi kwa kamera aliyokuja nayo kutoka Marekani, na wale waliosoma niliyoandika baada ya arobaini wanajua kwamba hatuna picha nyingine za Baba akiwa anatembea na kuzungumza. Kwa hiyo swali la Mama nimekwenda nalo sokoni, nimerudi nalo, nimesahihisha nalo madaftari, na kadiri nilivyolirudia ndivyo nilivyotambua kwamba alikuwa ameutaja ugonjwa wenyewe.

Picha ya mkanda kama ule hainaswi yote kwa pamoja. Kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazofuatana, ina nusu mbili, moja ya mistari ya witiri na nyingine ya mistari ya shufwa, na kati ya nusu hizo hupita takriban sehemu moja ya 60 ya sekunde. Katika kanda za DV nusu iitwayo ya chini, ile ya mistari ya shufwa, ndiyo hutangulia. Programu iliyotumika kutengeneza diski ilichukulia kwamba ya juu ndiyo ya kwanza, na hivyo televisheni ikawa inaonyesha tukio la baadaye kabla ya lile lililolitangulia. Mwembe hausogei, kwa hiyo kwake nusu ipi itangulie ni mamoja. Lakini mkono wa Baba unaoinua kikombe cha kahawa huenda mbele, hurudi nyuma kidogo, kisha huenda mbele tena, mpaka kikombe kifike mdomoni. Mama aliliona hilo bila kusoma kitabu chochote cha mitambo.

Nilipouingiza mkanda upya kwenye kompyuta na kuagiza nusu ya chini itangulie, mtetemeko ulikwisha, ila mwendo wake chini ya miembe uliendelea kurukaruka mpaka nilipoacha pia kugeuza idadi ya fremu. Kamera ya Marekani hurekodi fremu 29.97 kwa sekunde, nasi huku tumezoea mfumo wa fremu 25. Aliyetengeneza diski alitupa karibu fremu tano katika kila sekunde ili ilingane na mfumo wetu. Hapakuwa na haja. Deki na televisheni ya nyumbani, kama nyingi zinazouzwa huku, husoma mifumo yote miwili, nami nimeiacha picha katika ukubwa wake wa 720 kwa 480 na kasi yake ya asili.

Kilichonichosha zaidi ni sehemu ya sebuleni. Chini ya taa za tyubu, uso wa Bibi ulikuwa ukiwaka na kufifia bila kukoma. Umeme wetu ni wa hetsi 50, na taa za namna hiyo hupwita mara 100 kwa sekunde, ilhali kamera ile huchukua karibu nusu 60 kwa sekunde, basi kila nusu hupata kiasi chake cha mwanga. Ilinibidi kwanza nizitenganishe nusu, ndipo nitumie kichujio kinachosawazisha mwanga wa kila moja na wa jirani zake. Kichujio hicho kikipitishwa juu ya nusu zilizounganishwa, michirizi hubaki usoni. Mjomba akija tena na kamera hiyo nitamwomba aweke shata, yaani muda ambao kila nusu hupokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde anaporekodi ndani, maana kuzuia ni rahisi kuliko kusafisha.

Diski niliichoma kwa kasi ndogo, na video nikaiweka kwenye megabiti 8 kwa sekunde ingawa DVD huruhusu hadi 9.8, kwa sababu deki kuukuu hukwama kwenye diski za kuchomwa zinapobanwa mpaka ukomo. Saa nzima ya mkanda iliingia na nafasi ikabaki.

Ijumaa usiku Baba aliinua kikombe chake akanywa, mkono umetulia kabisa, nami nilifurahi mno, hata nikairudisha nyuma sehemu hiyo kabla ya kuombwa. Mama alicheka, akasema kahawa ile ilikuwa chungu na yeye ndiye aliyeipika. Kisha akakisogeza kigoda hadi karibu na kioo, akaniuliza ni mwanamke gani yule aliyesimama kando ya Baba. Alikuwa ni mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja.

Nilifikiri anatania. Hakuwa akitania. Jumatatu nataka kumpeleka kliniki ya macho pale hospitali ya Maweni, mapema kabla foleni haijawa ndefu, lakini tangu asubuhi anashikilia kwamba macho yake hayana neno, na kaka ndiye pekee awezaye kumbembeleza, naye yuko hospitali na mkewe.